Barafu Yako Ipo, na Wenyeji Wake Wameamka

Duka la Barafu,
Nyuma ya Soko la Samaki.
Jumapili, tarehe 9 Machi.

Mpendwa mjukuu wangu Chiriku,

Salamu kwanza, hata kama najua roho yako iko kooni. Hujambo huko kambini kwenu barafuni? Kifua kimepona? Unakula? Usinijibu kwamba unakula, maana picha uliyotuma niliiona, na shingo yako imekuwa kama ya kuku aliyenyeshewa. Sisi huku ni wazima. Babu yako hajambo isipokuwa goti, na goti lenyewe halijambo asubuhi, ukorofi linauanza jua likipanda. Anakusalimu sana, anasema mke wake mdogo amemtupa. Nimemwambia mke mwenzangu hajamtupa mtu, yuko kazini, na yeye alipokuwa kazini alikuwa hakumbuki hata njia ya nyumbani.

Sasa kaa kitako. Kama umesimama, kaa. Barafu yako ipo, na wadudu wako wako hai. Mmoja nimemwona kwa jicho langu, lile zima, siyo lile lenye mtoto wa jicho. Vuta pumzi. Haya, endelea kusoma.

Barua hii anakuletea mtafiti mwenzako, ambaye sisi hapa tumempa jina la Mama Miwani, kwa sababu ana miwani mbili, moja machoni na moja kichwani, na zote anazitafuta. Nimeandika kwa mkono wangu mwenyewe. Unajua shule mimi niliiona kwa nje, nikipita na ndoo, na herufi nilizinyakua ukubwani wanangu walipokuwa wakifanya kazi zao za shule mezani. Zikipinda, zisome hivyo hivyo zilivyopinda. Kwenye simu nimeshindwa kukueleza, maana wewe ukisikia neno moja unalia, na mimi nikisikia unalia nasahau nilichotaka kusema.

Mambo yalianza na yule mlinzi wa kituo chenu cha utafiti, yule mrefu anayesinzia amesimama. Alikuja dukani Jumatatu anahema kama amekimbizwa na nyuki. Nikamwambia, "Kaa kwanza, utaniangukia kwenye mizani." Akasema, "Bibi, hakuna kukaa. Friza ya kituo imekufa, waya umeungua. Maji yanatoka chini ya mlango." Nikamuuliza maji ya nini. Akaielekeza macho kwenye barafu iliyokuwa mizanini. Nikaelewa.

Mkuu wenu alikuwa safarini na simu yake haipatikani. Fundi akasema kifaa kilichoungua hakipo mjini, mpaka kiagizwe. Lakini mlinzi ana akili, Mungu amzidishie: akajiuliza mji huu nani ana baridi, akakumbuka kwamba bibi yake Chiriku anauza baridi.

Tulikwenda na mkokoteni, mimi, shangazi yako, na babu yako na goti lake. Tulipofungua ile friza tukakuta theluji ya kutani ndiyo iliyoyeyuka ikafanya dimbwi. Vipande vyako vilikuwa bado vigumu, vimelala kwenye mifuko yake kama vichanga wodini. Tukavifunika magunia, tukasukuma. Shangazi yako njia nzima alikuwa anawafokea watu wapishe, utadhani tumebeba mgonjwa.

Chumba chetu cha baridi kilikuwa kimejaa oda ya hoteli na ya wauza samaki. Nikasema, toa yote. Shangazi yako akasema, "Mama, na wateja je?" Nikamwambia wateja wana miguu, watarudi, barafu ya Chiriku haina miguu. Kumbe inayo, lakini huko nitafika.

Muuza samaki wa kona, yule mwenye sauti ya kengele, akaja kusimama mlangoni mikono kiunoni. "Bibi, samaki wangu wananuka na wewe umefuga mawe?"

"Samaki wako walianza kunuka kabla sijazaliwa," nikamwambia.

Akaondoka amenuna. Kesho yake akarudi. Walirudi wote, wataenda wapi?

Sasa nikuambie ukweli. Nilipoiona barafu yako mchana kweupe niliona aibu kwa niaba yako. Mtoto amesoma miaka yote hiyo, amepanda mlima mpaka kucha za miguu zikamtoka, halafu amerudi na barafu chafu! Ya kijivu, ina vitundu vimejaa tope jeusi, na upande mmoja ina wekundu kama chai iliyomwagikia kitambaa. Sisi hapa barafu ikiwa na unywele mmoja mteja anairudisha. Babu yako aliigeuza akasema, "Hii hata mlevi hawezi kuitia kwenye glasi."

Unajua baba yangu mzazi alikula kwa mlima ule ule. Kabla umeme haujafika alikuwa anapanda na punda, anakata barafu kwa shoka, anaifunga kwa nyasi na magunia, anaishusha kuwauzia wenye hoteli. Siku hizo weupe ulishuka mpaka mabegani mwa mlima. Sasa umebaki kama kofia ya mtoto, na wewe mwenyewe umetuambia hata hiyo kofia haina siku nyingi. Kazi yetu sisi watoto ilikuwa kuosha. Barafu ikifika uani tunaimwagia maji mpaka vumbi la mlima litoke, ing'ae. Baba hakuuza barafu isiyooshwa. Nami nilipopata mashine nikawafundisha wanangu hivyo hivyo, barafu haimfikii mteja kabla haijapita bombani. Shangazi yako ameifanya kazi hiyo tangu ana mapengo ya meno ya utoto.

Unaanza kuona tunakokwenda. Usikunje uso, nimeshakuambia mwisho wake ni mzuri.

Alhamisi asubuhi soko limefurika, kila mtu anataka kuhudumiwa wa kwanza. Mfuko mmoja katika ile yako ulikuwa umechanika kwenye mkokoteni na hakuna aliyeona. Shangazi yako akaingia kumtolea barafu muuza samaki, mkono ukakuta kipande kilichochomoza nje ya mfuko, akakibeba, akakiona kichafu. Hakufikiri. Nani anafikiri mkono ukishafanya kazi moja maisha yake yote? Mimi niko kwenye mizani, nikasikia bomba. Mlio wa maji yakigonga barafu naujua hata niwe nimelala.

Nikauliza, "Unaosha nini? Ya leo nimeshaosha."

Nikageuka. Amekikumbatia kile kipande, nusu kinang'aa kama kioo, nusu bado kina tope, na maji yenye wekundu yanazunguka kwenye karo yanaingia tunduni.

"Mama," akasema, "nimeua."

Tukakirudisha ndani haraka. Kisha shangazi yako akakaa chini pale pale sakafuni penye maji, na gauni lake zuri. Muuza samaki akapiga kengele yake, "Jamani, barafu yangu!" Nikamwambia aingie achukue mwenyewe, leo duka ni lake.

Na jioni ile ile, habari ya friza imeshakufikia, ukapiga simu. Ukaniuliza, "Bibi, ipo?" Nikasema ipo. Sikukudanganya, ilikuwepo. Ukaanza kulia, ukasema pale ulipoikata sasa pamebaki mwamba mtupu, hata ukirudi kesho hakuna cha kukata, na barafu ile isipofika maabara yenu huko, wale waliokuwa wakiishi ndani yake watakuwa kama hawakuwahi kuwepo. Nilikuwa nakusikiliza huku namtazama shangazi yako. Alikuwa ameegemea mlango wa chumba cha baridi kwa mgongo, kama anauzuia usitoroke.

Tangu hapo chakula kilimshinda. Na unamjua, huyu ndiye aliyekubeba mgongoni mama yako alipolazwa, mpaka ukawa unamwita yeye mama, na mama yako unamwita "yule". Akawa na wimbo mmoja tu, Chiriku hatanisamehe. Nikamwambia atakusamehe, ana moyo wa bibi yake. Akaniambia, "Wewe hujamsamehe muuza mkaa mpaka leo." Ni kweli. Na sitamsamehe.

Juzi Ijumaa Mama Miwani akafika kuichukua barafu. Hakuwahi hata kukaa. Shangazi yako alimsimamia mbele akatoa yote kwa pumzi moja: mfuko, bomba, tope, karo. Mimi nilijua yule mama atapiga kelele, na nilishajiandaa, ufagio ulikuwa karibu. Hakupiga kelele. Akauliza taratibu kama daktari. Maji ya bomba au ya kisima? Ni upande mmoja au pande zote? Yalimwagika kwa muda gani?

"Muda wa kumjibu mteja," shangazi yako akasema.

Tukavaa makoti, tukaingia. Mama Miwani akakigeuza kile kipande chini ya taa. Halafu akasema, "Dada, viazi unavipika na maganda?"

Shangazi yako akanitazama mimi. Nikafikiri baridi imemwingia huyu mama kichwani.

Kumbe ana maana yake. Barafu ikifika maabara, wao wenyewe wanaimenya ganda la nje kabla ya kufanya lolote, kwa sababu ganda limeshaguswa na msumeno, glavu, mifuko na pumzi za watu. Wanachokitafuta kiko ndani. "Mngeniletea ambayo haijaoshwa ningeimenya vile vile," akasema. Ila maji ya bomba nayo yana wadudu wake, kwa hiyo hiki kitamenywa kwa kina zaidi, na ule upande uliooshwa hautahesabiwa, na yeye ataandika wazi kwamba umeoshwa. Sikufichi, mjukuu wangu. Upande mmoja wa kipande kimoja umekwenda na maji na haurudi. Vingine vyote havijaguswa na mtu.

Shangazi yako hakuamini. "Unanituliza tu," akasema.

"Mimi kutuliza watu sijui," Mama Miwani akajibu, "waulize wanafunzi wangu."

Akafungua begi, akatoa hadubini ndogo, akaipangusa, akaiweka kwenye kaunta karibu na mizani. Akachukua kisu chake, akakimenya kile kile kilichooshwa, akachokoa kidogo kutoka katikati, penye tope, akakitia kwenye kichupa. Halafu, sikia hili, kichupa akampa shangazi yako. "Shika. Usitikise. Joto la mkono wako linatosha."

Mkono ule ule. Akakishika kwa viganja vyote viwili kama yai, akakaa kwenye kiti cha mteja, na hakuna aliyethubutu kumwambia ainuke. Barafu nikauza mimi. Ilipoyeyuka bado Mama Miwani akasema tusubiri, waliolala muda mrefu hawaamki kwa kugongewa mlango. Babu yako akavuta kigoda, akawa kila baada ya muda anauliza, "Bado?" Mpaka Mama Miwani akamwambia, "Mzee, hata mimba ina subira yake."

"Mimba naijua," babu yako akasema. "Hii siijui."

Mchana soko lilipopoa, Mama Miwani akaweka tone chini ya hadubini, akainama. Akazungusha hiki, akazungusha kile. Mimi nimeshika ukingo wa kaunta. Shangazi yako hakusogea, anakitazama kichupa kilichobaki mkononi. Halafu yule mama akainua kichwa, akavua miwani ya kwanza, akasema, "Dada, njoo."

Shangazi yako akainama. Akakaa hivyo hivyo. Mabega yakaanza kumtikisika, nikajua analia, nikaenda kumshika. Alikuwa anacheka.

Nikamsukuma, nikatazama na mimi. Mwanzoni niliona kope zangu tu. Halafu nikamwona! Mnene, kama mtoto aliyevishwa masweta juu ya masweta, miguu mifupi minane, na kila mguu una kucha. Anatembea kama babu yako akitoka harusini. Yaani amelala kwenye barafu miaka yote hiyo, amekatwa kwa msumeno, amepanda mkokoteni, amemwagiwa maji ya bomba, ameamka, na jambo la kwanza anatafuta chakula. Hata salamu hana. Nikasema huyu ni wa ukoo wetu.

Babu yako naye akatazama. Akauliza kama ana magoti. Mama Miwani akasema hana. "Ndiyo maana anaweza kuishi mlimani," babu yako akasema.

Mjukuu wangu, ulipokuwa unatuambia barafu ina uhai, tulikuwa tunakuitikia kama mtu anavyomwitikia mgonjwa wa homa. Sasa nimeeleweshwa. Ule wekundu niliouonea aibu ni mwani, mimea midogo isiyoonekana, inajipaka rangi kujikinga na jua. Vumbi jeusi linashika joto, linajichimbia kikombe kwenye barafu, na ndani ya kila kikombe kuna kijiji kizima, wanaokula na wanaoliwa. Chakula chao kingine kinashuka na maji mpaka kwenye vijito, wadudu wa maji baridi wanakipata, samaki wanawapata wadudu, na maji yenyewe yanafika mashambani wakati wa kiangazi ambapo mvua haipo. Hapo nikamwita muuza samaki aje asikie. Akasikiliza, akasema kwa hiyo barafu ilimsaidia samaki kabla hata hajavuliwa. Ni siku hiyo peke yake aliyosema la maana.

Barafu ikiisha, samaki huenda akatafuta pengine. Lakini yule mnene wa miguu minane na wenzake watahamia wapi? Wewe unakimbilia kuandika majina ya wapangaji huku nyumba inabomolewa juu yao. Ndiyo maana ulilia. Nami nilikuwa naona unalilia mawe.

Nikamfikiria baba yangu. Uani pale tumeosha vijiji vingapi? Na wale wageni wa hoteli wamewameza wangapi kwenye vinywaji vyao? Hakuna aliyekufa, basi. Sijilaumu, tusingejua. Ila sasa mashine yangu ikinitolea barafu safi kama kioo, naiona kama chumba kisicho na mtu.

Habari nyingine. Friza ya kituo imepona, mlinzi amepewa sifa mbele ya wakubwa, na sasa hasinzii tena amesimama, anasinzia amekaa. Mama yako ameahidiwa cherehani mpya kiwandani, ameacha kununa. Chumba chako hakivuji tena, babu yako alimwita fundi badala ya kupanda mwenyewe, ni mara ya kwanza amenisikia.

Nimeambiwa huko mnatembea juu ya barafu yenye nyufa za kumeza mtu mzima. Jifunge kamba. Jifunge mwenyewe, usifungwe na mtu ambaye hujawahi kumwona akifunga kitu kikakaa. Na uvae soksi mbili mbili. Habari ya mume sikuulizi, maana nikikuuliza utaniambia habari ya mwani.

Jambo la mwisho, na hili ndilo kubwa. Sanduku lako la baridi amelifunga shangazi yako. Mama Miwani alikuwa na vifaa vyake, sponji na ile barafu kavu inayotoa moshi, vyote vikapangwa inavyotakiwa. Kisha shangazi yako akauliza kama anaweza kuongeza kitu juu, kwa nje. Ameshona gunia, limefungwa kwa kamba, mafundo yale yale ambayo baba yangu alikuwa anafungia barafu ya mlima isitikisike juu ya punda. Mama Miwani alisema halina kazi ila halidhuru. Mimi nasema lina kazi. Ukilifungua usilikate kwa kisu. Fungua fundo kwa mkono, na ukimaliza umpigie simu yeye kabla hujanipigia mimi. Sitanuna. Amekula jana, sahani nzima na ya babu yako nusu, lakini bado anasubiri kuisikia sauti yako.

Babu yako anakusalimu, mama yako anakusalimu, mlinzi anakusalimu, hata yule kengele wa samaki anakusalimu, anasema ukirudi atakupa samaki asiyenuka. Nisalimie wote unaolala nao kwenye mahema hayo, waambie wakikuacha njaa nitafunga safari.

Mungu akuweke mahali ambapo miguu yako itashika. Kile unachokitafuta akuonyeshe kikiwa hai, na wewe akurudishe kwangu ukiwa na shingo ya binadamu.

Ni mimi bibi yako akupendaye kuliko mume wetu anavyojidai kukupenda,

Bibi wa Barafu

Nyongeza: Nilipokuwa natafuta bahasha shangazi yako ameikamata kalamu. Nimemwachia nafasi hapa chini, nami sijachungulia.

Chiriku mwanangu, nilianza kukuosha ukiwa na siku saba, na kila kilicho chako mkono wangu unakimbilia kukiosha. Nisamehe upande mmoja. Yule mnene aliamkia mkononi mwangu. Shangazi.